Mkono wa Faraja Kabla ya Upasuaji

Hakuna aibu katika kuogopa upasuaji. Mchungaji wa Sanza aliyezoea kulala porini na mifugo yake, mama wa Kintinku aliyekwisha kuzaa mara nne, na mzee wa Rungwa aliyeona miaka ya njaa na ya neema, wote hao, siku wanapoambiwa na tabibu kwamba maradhi yao hayana dawa ila kisu, huweza kushikwa na fadhaa ambayo hawakupata kuijua maishani mwao. Fadhaa hiyo huzidi kwa kuwa upasuaji, kwa mtu wa wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, aghalabu huanza na safari: kwenda hospitali ya wilaya mjini, au ile ya Kilimatinde iliyo chini ya Kanisa la Anglikana, au ya Mtakatifu Gaspar kule Itigi, au, maradhi yakiwa mazito, kupelekwa Dodoma, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwa upande wa mashariki. Mgonjwa hulala usiku wa kuamkia upasuaji mbali na maskani yake, juu ya kitanda asichokizoea, tumbo tupu, akisikiliza magurudumu ya machela yakipita nje, na fikira zake hazina kazi ila kuhesabu mabaya yanayoweza kumfika.

Makala haya namwandikia yule aketiye kando ya kitanda hicho: mke au mume, mtoto, dada, mkwe, au jirani aliyeliacha shamba lake ili auguze. Mtu huyu mara nyingi hujiona hana la kufanya, maana dawa zi mikononi mwa wauguzi na kisu ki mkononi mwa tabibu. Analo la kufanya, tena kubwa. Mkono wake, ukitumiwa kwa idhini, kwa utulivu na kwa maarifa, hupunguza wahka wa mgonjwa bila gharama yoyote. Walakini mkono huo una adabu zake na mipaka yake, na asiyeijua mipaka hiyo huweza kuleta madhara palipotakiwa faraja.

Kwanza yafaa tufahamu kwamba hofu haiishii moyoni. Mtu anapohisi hatari, mwili humwaga katika damu homoni ziitwazo adrenalini na kortisoli, na hizo huuamsha mwili wote kama kwamba adui yuko mlangoni: moyo hupiga mbio, shinikizo la damu hupanda, misuli hukazana, vidole huwa baridi, usingizi hutoroka, na mishipa ya mikono husinyaa hata muuguzi akataabika kupata mahali pa kutilia dripu. Mtu ambaye tangu awali ana maradhi ya shinikizo la damu huweza hata kuahirishiwa upasuaji kwa sababu hiyo, akarudishwa wodini kusubiri siku nyingine. Tena imeonekana katika tafiti nyingi kwamba mgonjwa anayeingia chumba cha upasuaji na wahka mkuu huelekea kusikia maumivu makali zaidi atokapo. Kwa hiyo kumtuliza mgonjwa ni sehemu ya tiba yake, wala si jambo la kutendwa ikiwa tu nafasi imepatikana.

Sasa mkono hutulizaje? Wataalamu wa Sweden, miongoni mwao Åke Vallbo na Håkan Olausson, wamechunguza kwa miaka mingi neva fulani nyembamba zilizomo katika ngozi yenye malaika, kama vile ya mkono wa mbele, mgongo na paji la uso. Wakakuta kwamba neva hizo huamka hasa pale ngozi inapopapaswa polepole, kwa mwendo wa sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na kwamba huo ndio mwendo ambao watu husema unawapendeza zaidi. Ukizidi haraka, neva hizo huitika kidogo. Mwaka 2006 James Coan wa Chuo Kikuu cha Virginia, pamoja na wenzake, waliwaingiza wanawake 16 walioolewa katika mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawaambia kwamba wakati wowote huenda wakapigwa na umeme kidogo mguuni. Mwanamke alipokuwa peke yake, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari zilifanya kazi sana. Alipoushika mkono wa mtu asiyemjua, zikapungua. Alipoushika mkono wa mumewe, zikapungua zaidi, na waliokuwa na ndoa yenye maelewano ndio waliofaidika kuliko wote. Tujifunze hapo kwamba mkono wowote mwema una faida, lakini mkono wa mtu anayependwa na kuaminiwa una faida isiyoweza kununuliwa.

Hayo si mageni kwetu. Katika pwani yetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto siku zake za arobaini, mwenye uchovu huchuliwa kwa mafuta, na katika nyumba za bara, Manyoni zikiwamo, mtoto mwenye homa hulala mapajani mwa bibi akipapaswa kichwa. Karibu miaka elfu moja iliyopita Ibn Sina, katika kitabu chake cha tiba kiitwacho Kanuni, alizungumzia kusugua mwili na kueleza kwamba kusugua kwa nguvu hukaza na kusugua kwa upole hulegeza. Na katika zama zetu wauguzi wa Uturuki, Uajemi na Korea wamewachunguza wagonjwa wanaosubiri upasuaji, wakiwachua mikono au nyayo kwa dakika chache, na mara nyingi wamekuta wahka umepungua. Tafiti zao nyingi ni ndogo, na faida iliyoonekana ni ya wastani. Kwa hiyo tusiufanye mkono kuwa muujiza. Lakini faida ya wastani, isiyo na gharama wala madhara ikitendwa ipasavyo, haifai kudharauliwa na mtu mwenye akili.

Nasaha yangu ya kwanza ni kwamba kauli ya kweli iutangulie mkono. Aghalabu hofu ya mgonjwa ina jina: mmoja anaogopa kwamba akipigwa nusu kaputi hataamka, mwingine anadhani atasikia kisu, wa tatu hana hofu na kisu hata kidogo, bali anafikiri ng'ombe wake wameachwa na nani, au gharama zitalipwa na nani. Muulize kwa upole ni lipi hasa linalomsumbua, umsikilize pasipo kumkatiza, kisha swali la tabibu ulipeleke kwa tabibu, na swali la nyumbani ulijibu wewe. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa atakalofanyiwa kabla hajatia sahihi fomu ya ridhaa, wala si utovu wa adabu kumwomba daktari au mtoa dawa ya usingizi aeleze mara ya pili kwa maneno mepesi. Usimwambie, "Usiogope, si kitu," maana kwake ni kitu. Mwambie yale unayoyajua kuwa kweli, kwamba upo, kwamba utamngoja, na kwamba atakapotoka atakukuta. Mkono unaofuata maneno ya namna hiyo humkuta mgonjwa amekwisha kulegea nusu.

Nasaha ya pili ni idhini na sitara. Si kila mtu hufarijika kwa kuguswa: wako ambao tabia yao haipendi, wako waliopata kudhulumiwa na mikono ya watu, na wako ambao katika saa ya hofu hutaka kuachwa na dua zao. Basi uliza, "Nikushike mkono?" na jibu likiwa la, au likiwa kimya, liheshimu. Hata baada ya kukubaliwa, angalia: vidole vikikakamaa, mkono ukijivuta, au pumzi ikikatika, acha bila kumhoji. Adabu za dini na za kabila nazo zizingatiwe. Mwanamke asichuliwe na mwanamume asiye halali kwake, mkwe asivukishwe mpaka wa heshima yake, na mwili usifunuliwe zaidi ya haja, ambayo aghalabu haizidi mkono hadi kiwiko na mguu hadi kifundo. Ndugu wakiwa wengi, mgonjwa mwenyewe amchague mmoja, kwani mikono mingi juu ya mtu mmoja humchosha.

Tatu, jitayarishe. Nawa mikono kwa sabuni, kata kucha, vua pete na bangili, na katika baridi ya Juni na Julai, ambayo watu wa Manyoni wanaijua, pasha viganja vyako moto kwa kuvisuguanisha kabla hujamgusa mtu. Keti, usisimame juu ya mgonjwa, maana anayesimama huonekana kama anayetaka kuondoka. Zima simu. Ukitaka mafuta, matone machache ya mafuta safi ya alizeti, ambayo mkoa wetu wa Singida una wingi wake, yatatosha kwa mikono na nyayo. Lakini muulize muuguzi kwanza, usiyapake karibu na mahali patakapopasuliwa wala kifuani, ambako vibandiko vya kupimia mwendo wa moyo havishiki penye mafuta, na uyafute yote kabla mgonjwa hajaitwa. Marashi makali na dawa za kuchua zenye kuwasha ziache nyumbani, maana tumbo tupu na harufu kali havipatani.

Nne, ifuate njia hii nyepesi, ambayo mtu yeyote aweza kujifunza kwa kuijaribu nyumbani. Chukua mkono usiotiwa dripu, uulaze juu ya mto au juu ya kiganja chako, ukae hivyo kitambo kidogo bila kufanya lolote. Kisha kwa kiganja chako kingine papasa kutoka kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko, polepole, mkono wa mtu mzima ukuchukue sekunde 6 au zaidi kwa kila mpapaso, na urudie mara nyingi bila haraka. Baada ya hapo kigeuze kiganja cha mgonjwa, ukisugue kwa kidole gumba kwa miduara midogo, kuanzia chini ya gumba lake mpaka katikati. Halafu kila kidole ukishike shinani na kukitelezesha hadi nchani, bila kukivuta wala kukialisha. Malizia kwa kuufunika mkono wake kwa mikono yako miwili. Dakika 5 hadi 10 kwa kila mkono zatosha. Ukienda kwenye nyayo, tumia uzito wa wastani, kwa kuwa mguso mwepesi mno hutekenya, na upite juu ya wayo, kisigino na vidole, usipande kwenye muundi.

Pumzi iandamane na mkono. Mwambie avute pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6, nawe upapase kwa mwendo huohuo. Baada ya muda hutahitaji kuhesabu, kwa kuwa pumzi itaufuata mkono yenyewe. Anayetaka dua au sala na asomewe kwa sauti ya chini katika mwendo huohuo, maana mwili unaosikia sauti ya upole na kuhisi mkono wa upole hupata ushahidi wa pande mbili kwamba kuna amani.

Kuna mahali pawili pa kubonyeza ambapo tiba ya Kichina imepatumia kwa karne nyingi na ambapo uchunguzi wa kisasa umepaangalia. Pa kwanza ni upande wa ndani wa mkono, upana wa vidole vitatu vya mgonjwa mwenyewe kutoka kwenye mkunjo wa kifundo, baina ya kano mbili. Panaitwa Neiguan, na ushahidi uliokusanywa waonyesha kwamba kupabonyeza husaidia hasa kupunguza kichefuchefu na kutapika baada ya upasuaji. Pa pili ni baina ya nyusi, paitwapo Yintang, ambapo kidole kikiwekwa kwa uzito mdogo na kuzungushwa taratibu wagonjwa wengi husema wametulia, ijapokuwa utulivu huo huelekea kupungua baada ya kidole kuondolewa. Patumie kama nyongeza, dakika chache tu, na usibonyeze hata mtu akaumia.

Tano, chagua saa. Usiku wa kuamkia upasuaji ndio bora kwa kuchua kwa muda mrefu, kwa sababu huita usingizi. Asubuhi, mgonjwa anapongojea kuitwa, ndio wakati wa mkono peke yake, dakika baada ya dakika. Na katika saa hizo jihadhari na huruma inayodhuru. Usimpe chai wala uji kwa siri kwa kumwonea imani, maana mtu aliyepigwa nusu kaputi tumbo lina kitu huweza kutapika, matapishi yakaingia mapafuni mwake na kumwua. Kanuni ya jumla ni saa 6 bila chakula na saa 2 bila hata maji, lakini amri ya hospitali yako ndiyo ya kufuatwa. Mueleze pia muuguzi, bila kuficha, kila dawa anayoitumia mgonjwa, ya hospitali au ya miti shamba. Na rangi ya kucha, hina au piko vidoleni visiwepo, kwa sababu huweza kukipotosha kile kifaa kinachobanwa kidoleni ili kupima oksijeni iliyomo katika damu.

Mtoto mdogo anahitaji zaidi ya mkono. Anahitaji mwili mzima wa mama au mlezi. Mkalishe mapajani, kifua chake kikielekea kifuani kwako, umpapase mgongo kutoka shingoni kwenda chini, na uombe ruhusa ya kuwa naye mpaka mlangoni pa chumba cha upasuaji, au hadi usingizi umchukue ikiwa taratibu za hospitali zaruhusu. Usimdanganye kwamba hakuna sindano. Mtoto aliyedanganywa na mama yake mara moja hataamini mkono wake mara ya pili, na mara ya pili itakuja, kwani vidonda huoshwa.

Wako pia wagonjwa wanaopasuliwa hali wakiwa macho, na hao wauguzi wetu wasiwasahau. Mama anayepasuliwa ili azae, baada ya kuchomwa sindano ya mgongo, husikia sauti na msukosuko ingawa hasikii maumivu. Mzee anayetolewa mtoto wa jicho hufunikwa uso, haoni anayemshughulikia, na huamriwa asitikisike. Kuwa na mtu mmoja wa kuwashika mkono hupunguza hofu yao, tena huwapa lugha ya ishara: mzee huambiwa, "Ukitaka kukohoa, nibane mkono," na tabibu akasimamisha kazi yake kwa muda. Najua kwamba wauguzi wetu ni wachache na kazi zao ni nyingi. Lakini kumtajia mgonjwa jina lako na kumwekea mkono begani wakati sindano inapoingia ni mambo yanayoweza kutendwa ndani ya kazi ileile, bila kuongeza saa.

Sasa niseme mahali ambapo mkono ni haramu, na hapa naomba nisikilizwe kwa makini. Tumbo lenye maumivu makali yasiyojulikana chanzo lisikandwe kamwe. Kidole tumbo kilichovimba, utumbo uliojisokota na mimba iliyotunga nje ya mji wa uzazi ni mambo yanayoanza kwa maumivu ya tumbo. Kumpeleka mtu wa namna hiyo kwa mkandaji ni kupoteza saa ambazo zingemwokoa, na kukanda kwenyewe huweza kupasua kilichobaki kidogo kupasuka. Ngiri iliyonasa isisukumwe ndani. Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu, usichuliwe, maana yawezekana damu imeganda ndani ya mshipa, na donge likibanduka huenda mapafuni. Usichue mfupa uliovunjika, uvimbe wa titi au wa mahali popote, jeraha, jipu, wala ngozi yenye upele. Na anayetumia dawa za kuzuia damu isigande ashikwe tu, asisuguliwe. Panapo shaka, kushika mkono bila kuusugua hakuna hatari yoyote, na huko peke yake ni faraja tosha.

Jambo jingine la kujihadhari nalo ni wauzaji wa nguvu za siri. Wako watu, huko ughaibuni na sasa hata katika miji yetu, wanaodai kwamba mikono yao hupitisha nguvu isiyoonekana na kurekebisha maradhi, pengine bila hata kumgusa mgonjwa. Huko Marekani msichana mdogo aitwaye Emily Rosa aliwajaribu watabibu 21 wa namna hiyo: alikaa nyuma ya kizuizi, akaweka mkono wake juu ya mmoja wa mikono yao miwili bila kuugusa, akawauliza ni upi. Walipata chini ya nusu ya majibu, yaani hawakushinda mtu anayebahatisha, na matokeo hayo yakachapishwa mwaka 1998 katika jarida la Jumuiya ya Madaktari wa Marekani. Faida ya mkono inatokana na ngozi, neva, uaminifu na mapenzi, vitu ambavyo Mungu amempa kila mtu bure. Basi anayekutoza fedha kwa nguvu aliyonayo yeye peke yake, na hasa anayekwambia uahirishe upasuaji ili aifanye kazi yake kwanza, mkimbie.

Wala mkono usichukue nafasi ya tabibu katika hofu yenyewe. Mgonjwa anayetetemeka asiweze kuzungumza, asiyelala siku nyingi, au anayesema anataka kutoroka, aelezwe kwa daktari, kwani zipo dawa za kutuliza zinazotolewa kabla ya upasuaji, na kuzihitaji si udhaifu wa imani.

Basi siku tabibu atakapotaja tarehe ya upasuaji, familia isikae kupanga nauli na malipo peke yake. Mgonjwa na aulizwe ni nani amtakaye kando yake. Huyo ajifunze kupapasa na kuhesabu pumzi wiki nzima kabla ya safari, jioni, baada ya chakula, ili mkono usiwe mgeni siku ya siku. Maswali ya daktari yaandikwe katika karatasi. Na aliyechaguliwa asipewe kazi nyingine hospitalini, kwa kuwa kukaa ndiyo kazi yake. Upasuaji ukiisha, mkono uleule urudi mahali pake kwa ruhusa ya muuguzi, mbali na jeraha, kwa mwendo uleule, kwa maana anayezinduka katika nusu kaputi huwa hajui yuko wapi, na mkono anaoujua humwelekeza mapema kuliko maneno.